Kiatu cha Kushoto

"Haya yote ni kweli tupu. Nikitia chumvi hata punje moja, nipewe mswaki wa meno nisugue vizimba vyote arobaini na kimoja, sakafu na kuta."

Ndivyo Inspekta alivyoanza kila ripoti yake, na ndivyo alivyoanza hii, saa kumi na robo ya jioni ya Jumamosi, akiwa amekaa juu ya gunia la chakula cha mbwa ndani ya kibanda cha lango. Kiapo alikiandika kwa herufi kubwa, akakipigia mstari. Chini yake hakuandika kitu. Mbele yake, juu ya rafu ndefu ya mbao, kulikuwa na kiatu kimoja cha kike, cheusi, cha mguu wa kushoto, na mwenyewe hakuonekana.

Kituo kile cha wanyama kiliishi kwa hisani za watu. Huyu kaleta blanketi kuukuu, yule gunia la chakula, mwingine saa mbili za kufagia. Kila Jumamosi alasiri lango lilikuwa wazi, na mgeni aliyetaka aliruhusiwa kumtoa mbwa kwa kamba, amzungushe mtaa mmoja, amrudishe. Zamani mgeni aliacha kitambulisho. Halafu siku moja bwana mmoja mwenye suti ya maana aliacha kitambulisho cha ami yake marehemu, akaondoka na mbwa pamoja na kamba mpya, na mpaka leo hajaonekana. Hapo ndipo Msimamizi, mama wa makamo mwenye sauti ya kengele ya shule, alipoweka sheria ya kiatu. Unataka kumtembeza mbwa? Vua kiatu cha kushoto, weka rafuni, pewa kandambili moja ya njano inayoonekana toka mtaa wa pili.

"Bila kitambulisho mtu anaishi," alisema siku ile. "Atembee na kiatu kimoja tuone atafika wapi."

Miaka mitatu sheria ile haikuangusha mtu. Leo viatu vyote vilikuwa vimeondoka na wenyewe, kasoro hiki.

"Nianze na wewe," Inspekta alimwambia Bawabu, aliyekuwa amesimama mlangoni kofia mkononi. "Ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa, mzee. Nilitoka mara moja tu, kwenda haja."

"Mara moja ya dakika ngapi?"

"Mzee, kuna mtu anajipimia?"

Msimamizi alikuwa amekishika kile kiatu kwa vidole viwili, anakitazama ndani kama anayekagua sufuria ya jirani. Akakirudisha rafuni. "Jibu maswali," akasema. "Mbwa hayupo, wewe unaleta utani."

"Alikuwa mwanamke," Bawabu akasema haraka. "Mtu mzima, lakini si wa kumwita bibi. Gauni la kijivu. Hakuchekacheka na mbwa kama wengine. Aliingia, akaenda moja kwa moja kizimba cha tisa, akasimama kusoma kadi ya mbwa. Akasoma tena. Nikadhani kusoma kwenyewe kunampa tabu. Halafu akaja kuniomba amtembeze yule mbwa, Ngoja. Kiatu alikivua bila kuambiwa mara mbili. Wengine hunibishia mpaka povu linawatoka."

"Akaandika nini daftarini?"

Bawabu alilisukuma daftari mezani. Lilikuwa na safu moja ambayo Msimamizi aliipenda sana: *Wewe ni nani kwa mnyama huyu?* Wageni wa siku ile walijibu kila mmoja kwa namna yake. Mgeni. Mfadhili. Mpita njia. Mtoto mmoja aliandika "rafiki yake wa zamani". Kwenye mstari wa Ngoja kulikuwa na neno moja, kwa mwandiko wa mtu aliyekandamiza kalamu: *ndugu*.

"Ndugu wa mbwa," Bawabu alisema. "Nikaona huyu ni mcheshi."

Daktari wa mifugo, binti aliyekuja kila Jumatano na Jumamosi bila malipo, alikuwa ameegemea ukuta, mikono kifuani. Sasa akajitoa ukutani.

"Babu, mambo ya daftari tutayamaliza baadaye. Ngoja ana kifafa. Tangu azaliwe amekosa kidonge cha jioni mara moja tu, na siku hiyo nusura tumzike. Anatakiwa ale kidonge saa kumi na mbili. Ikifika saa moja hajala, ataanguka, na safari hii sijui kama atainuka." Akamtia Inspekta kikopo cha bati kiganjani. "Atakayempata kwanza ampe. Kimoja tu, ndani ya kitu laini."

Inspekta alikitia kikopo mfukoni, akasimama, magoti yakalia. "Nipelekeni kizimba cha tisa."

Pale kituoni walimwita Inspekta kwa sababu mwenyewe alijitambulisha hivyo, miaka miwili iliyopita, alipokuja kujitolea na miwani yake ya kamba. Mpelelezi mstaafu, alisema. Kesi alizozitatua hazina hesabu. Na kweli, mambo yalipopotea aliyapata. Ni yeye aliyegundua nani anakunywa maziwa ya paka, na ni yeye aliyejua kwa kutazama soli tu kwamba mifuko ya mchele wa mbwa ilikuwa ikitoka kwa dirisha la nyuma.

Kizimbani alipiga goti moja. Kufuli lilikuwa limefungwa na ufunguo uko kwenye msumari wake. Bakuli la maji lilikuwa limejaa. Blanketi la Ngoja lilikuwa limekunjwa pande nne, limewekwa pembeni.

"Mwizi hakunji blanketi," Inspekta alisema. "Huyu hakuja kuiba. Huyu amekuja kuchukua kilicho chake, au anachodhani ni chake."

"Sawa," akasema Msimamizi. "Na kadi je?"

Kila kizimba kilikuwa na kadi ndani ya mfuko wa plastiki. Nyuma ya kadi Daktari aliandika yake: jinsia, chanjo, maradhi, mnyama katoka wapi. Mbele ilikuwa kazi ya Inspekta, maana alikuwa na mkono wa kuandika. Mbele ndiko watu walikosoma. Nyuma hakuna aliyegeuza.

Mfuko wa kizimba cha tisa ulikuwa mtupu.

"Upepo," akasema Inspekta.

"Upepo, mzee?" Bawabu akashangaa. "Humu ndani hata utando wa buibui hautikisiki."

Inspekta alijifanya kutafuta kitu sakafuni, na masikio yake yalikuwa yameanza kupata moto. Kadi ile aliijua kwa moyo. *Naitwa Ngoja. Nilikutwa kituo cha mabasi, nimekaa kando ya benchi la mwisho. Bwana wangu ni mrefu, ana koti la buluu, na kidole kidogo cha mkono wake wa kushoto hakipo. Aliniambia: ngoja hapa, narudi. Siku arobaini nimengoja. Bado nangoja.* Kadi hiyo watu waliipiga picha, wakatumiana. Wengine walilia mbele ya kizimba. Magunia yalikuja mpaka yakakosa pa kukaa, na kwa miezi minne hakuna mnyama aliyelala na njaa. Msimamizi aliisoma siku ya kwanza, akamtazama Inspekta kwa muda, akasema tu, "Haya," na kwenda kuhesabu blanketi.

"Turudi kwenye kiatu," akasema Inspekta.

Kiatu ndicho alichokimudu. Alikipeleka dirishani, akakigeuza, akakinusa, akakipiga piga kwa kidole.

"Kisigino kimelika upande wa nje. Mwenda kwa miguu. Soli imeshonwa upya mara tatu, kila mara na fundi tofauti, tazameni uzi. Kwa hiyo anatembea sana, na kiatu humwachia njiani popote alipo. Hauzi kitu, maana mchuuzi humaliza vidole, huyu amemaliza kisigino. Anasimama kwenye milango ya watu. Anasubiri. Na hizi…" Akachomoa kwenye mshono nyuzi nyepesi nyeupe. "Mnaona hizi?"

"Pamba," akasema Bawabu.

"Sponji. Ya godoro. Anaishi karibu na kiwanda cha magodoro." Alikuwa ameanza kuinua sauti, mabega nyuma, kama anayehutubia. "Na kiatu si chake, ni kikubwa, kimejazwa karatasi kwenye ncha. Ngoja tuone anasoma gazeti ga…"

Aliligeuzia dirisha uso, akaifungua ile karatasi polepole.

ANATAFUTWA. *Mwanamume, miaka arobaini na mitatu. Mrefu. Alivaa koti la buluu. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto hakipo. Atakayemwona afike nyumba ya tatu nyuma ya kiwanda cha magodoro, aulize dada yake.*

Hakuwa akiliona tangazo hilo mara ya kwanza. Lilikuwa limebandikwa ukutani kwa duka la dawa, pale anaponunulia gazeti, limepigwa na mvua mpaka sura ya mtu kwenye picha imekuwa doa. Siku alipoandika kadi ya kizimba cha tisa alikosa bwana wa kumpa yule mbwa. Bwana wa kubuni hakukaa sawa, kila alipomvika nguo zilimpwaya. Basi aliliazima koti. Aliazima na kidole. Mtu aliyepotea, alijiambia, atadai nini?

"Umeona nini?" Msimamizi aliuliza nyuma yake.

Mkono wa Inspekta uliingia mfukoni na karatasi. "Gazeti," akasema. "Kipande cha michezo."

"Basi tunaenda kiwanda cha magodoro?"

"Hapana." Kisha ulimi ukafanya kazi uliyoizoea. "Hapana, sponji tunaweza kuipata popote. Mimi namfikiria mwenye bucha."

"Mwenye bucha?" Daktari alitoa macho. "Anayetuletea mifupa kila wiki?"

"Mwezi wa pili alimtaka Ngoja alinde duka lake. Mkamkatalia kwa sababu ya kifafa. Akaondoka kanuna. Na mkewe ni mtu wa miguu mikubwa, kiatu kama hiki ni chake kabisa. Kamtuma mtu." Alitikisa kichwa taratibu, kwa masikitiko. "Roho inaniuma kusema, lakini nimeyaona mengi kazini. Chukueni gari mwende. Mimi nitafuata nyayo kwa miguu."

Msimamizi alimtazama. Kisha akachukua ufunguo wa gari.

*

Nyuma ya kiwanda cha magodoro kulikuwa na safu ya nyumba za vyumba viwili viwili, na vumbi jeupe la sponji limetua juu ya kila kitu, kamba za nguo, ndoo, mabati. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Inspekta alihesabu milango hadi wa tatu na hapo hakuhitaji kuhesabu tena. Kizingitini alikaa mwanamke mwenye gauni la kijivu. Mguu wa kulia ulikuwa na kiatu cheusi, wa kushoto kandambili ya njano. Miguuni kwake Ngoja alilala juu ya shati la kiume, ulimi nje, mzima.

"Hodi."

"Karibu, baba." Hakushtuka. "Umekuja kumchukua."

"Nimekuja na dawa yake. Una mkate?"

Aliingia ndani, akatoka na kipande. Inspekta alikificha kidonge katikati, na mwanamke akakichukua mkononi mwake akamlisha Ngoja mwenyewe. Ngoja alimeza, akalamba vidole vyake kimoja kimoja.

"Nilikuwa nimrudishe," akasema. "Kiatu changu kiko kwenu, ningeenda wapi? Nilitaka anusishwe shati la kaka yangu kwanza. Tazama. Alilinusa, akazunguka mara mbili, akalala juu yake. Mbwa hasahau, baba."

Inspekta alitazama. Ngoja alizunguka mara mbili na kulala juu ya nguo yoyote aliyopewa, pamoja na suruali ya Bawabu iliyoanguka kambani.

"Wewe unafanya kazi pale?"

"Nasaidia."

"Unamjua aliyeandika hii?" Alitoa kadi kifuani mwa gauni, imenyooka, haina hata kunyanzi. "Miaka miwili nazunguka. Polisi waliniandika kwenye kitabu chao. Hospitali zote. Mochwari zote, mpaka walinzi wa mochwari wananisalimia. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia *nimemwona*. Leo jirani kanionyesha picha kwenye simu, mbwa na kadi. Koti la buluu. Kidole. Nilisoma mara ya kwanza nikadhani naota, nikaenda kusoma mwenyewe. Kwa hiyo huyo aliyeandika, ama alimwona, ama anamjua aliyemwona."

"Ni mimi," Inspekta akasema, na sauti ilimtoka ndogo.

Mwanamke alisimama. "Mama," akaita ndani. "Mama, aliyeandika amekuja mwenyewe."

Kutoka ndani zilisikika hatua za mtu anayeshika ukuta. Akatokea bibi mfupi, amevaa gauni la kutokea lenye mikunjo ya sandukuni, viatu vya kufungwa, mkoba umening'inia kiwikoni.

"Amevaa hivyo tangu nilipomletea mbwa," binti alieleza. "Anataka tumpeleke kituo cha mabasi, kwenye benchi la mwisho. Nimemwambia tungoje kwanza mwenye kujua."

"Shikamoo, mama," akasema Inspekta, ingawa huenda walilingana umri.

Bibi hakuijibu. Alimsogelea mpaka karibu, akauinua uso. "Alikuwa amekonda?"

Mtu mwingine angesema ukweli hapo. Nafasi ilikuwepo, pana, na hakuna aliyemharakisha. Inspekta aliutazama ule mkoba, ulivyofungwa kwa uangalifu.

"Hapana, mama," akasema. "Hakuwa amekonda. Alikuwa mzima tu."

"Alikuwa anacheka?"

"Alikuwa… ndiyo. Anacheka."

Bibi aliushika mkono wake kwa mikono yake yote miwili. Binti aliuziba mdomo kwa kiganja, mabega yakaanza kumcheza.

"Inspekta," sauti ikasema nyuma yake. Ilikuwa sauti ya kengele, lakini safari hii imepigwa polepole. "Waambie wageuze kadi."

Msimamizi alikuwa amesimama kando ya kamba ya nguo, vumbi jeupe kwenye nywele. Hakuwa amekasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. Daktari alikuwa hatua mbili nyuma yake, anatazama chini.

Mwanamke wa gauni la kijivu aliigeuza kadi. Alasiri nzima ilikuwa kifuani mwake na hakuwahi kuigeuza. Alisoma kwa sauti, kila neno peke yake, kama mtoto anayeanza shule.

"*Dume. Amezaliwa hapa kituoni, kizimba cha tisa, mmoja kati ya watano. Kifafa tangu miezi mitatu. Hajawahi kuwa na mwenyewe.*"

Ngoja alipiga mkia chini mara moja aliposikia sauti ikisoma, akalala tena.

"Sasa," mwanamke akasema. "Koti la buluu."

"Nililitoa kwenye tangazo lako," akasema Inspekta. "Ukutani kwa duka la dawa."

"Na kidole."

"Na kidole."

"Na *ngoja hapa, narudi*?"

"Hiyo nilitunga."

"Hiyo ndiyo mama amekuwa akiirudia tangu nilipofika."

Bibi aliutazama uso wa mmoja, akautazama wa mwingine. Mkono wa Inspekta bado ulikuwa katika mikono yake, na hakuna aliyejua nani auvute kwanza. "Wanasemaje?" akauliza.

"Hakuna kituo cha kwenda, mama," binti akasema.

Bibi aliuachia ule mkono. Alikaa kizingitini, akauweka mkoba mapajani, akanyoosha miguu mbele. "Basi nivueni viatu," akasema. "Vinanibana."

Inspekta ndiye aliyekuwa karibu. Alipiga magoti yote mawili akazifungua zile kamba moja moja. Alipomaliza alifungua mdomo. Binti alimwahi.

"Usiniombe msamaha sasa hivi, baba. Nitakujibu vibaya."

*

Garini Ngoja alilala juu ya miguu ya Daktari. Inspekta alikaa mbele, kofia magotini.

"Mwenye bucha amelia," Msimamizi akasema. "Mtu mzima, kisu mkononi, mbele ya wateja. Miaka saba anatuletea mifupa, nami nimekwenda kumuuliza miguu ya mkewe ina ukubwa gani."

Inspekta aliikunja kofia.

"Karatasi niliiona kwenye kiatu kabla yako. Niliisoma, nikairudisha, maana wewe ndiye Inspekta, nikasema nisikuharibie. Nikangoja useme. Ukasema kipande cha michezo." Alibadilisha gia. "Nikaenda kwa mwenye bucha hata hivyo. Nilisema labda mzee ana jambo lake, labda ameona mbali kuliko mimi. Nilikuamini mpaka pale kaunta."

"Sikujua kama…"

"Ulijua. Na mimi nilijua nusu. Ngoja kazaliwa mikononi mwangu, mimi nilimkausha kwa taulo. Nikasoma kadi ile, nikaona magunia yanakuja, nikafumba macho. Lakini sikujua kwamba umemvua mtu wa kweli nguo." Aliingiza gari langoni, akazima. "Ripoti umeshaiandika?"

"Bado. Kiapo tu."

"Kinatosha."

*

Jumanne Inspekta alikuwa kizimba cha kumi na saba. Alikuwa amelalia kiwiko, maji ya sabuni yameingia mpaka kwapani, na mswaki wa meno, wa buluu, ulikuwa umeshapoteza nusu ya manyoya. Kwenye kizimba cha kumi na nane Msimamizi, amepiga magoti, alikuwa na wa kwake. Alikuwa amenunua miswaki miwili na hakueleza kwa nini. Kadi zote zilikuwa zimegeuzwa nyuma mbele, na kituo kizima sasa kilisomeka kama orodha ya hospitali. Mifupa haikuwa imekuja. Magunia mawili tu yalikuwa yamebaki stoo, na Bawabu aliyatazama kila alipopita.

"Mzee," akaita kutoka njiani. "Una mgeni."

Mwanamke alisimama nje ya kizimba. Kandambili ya njano ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, imeoshwa. Viatu vyote viwili vyeusi vilikuwa miguuni. Alimtazama Inspekta pale sakafuni, akautazama mswaki.

"Wanasema ulikuwa mpelelezi," akasema.

Kizimba cha jirani kilinyamaza kusuguliwa.

"Sikuwa," akasema Inspekta. Hakuinuka. Alizungumza na visigino vya mwanamke, maana huko ndiko macho yalikofika. "Nilikuwa karani. Stesheni, chumba cha mizigo na vitu vilivyopotea. Miaka thelathini na mmoja."

"Polisi hukuwahi hata siku moja."

"Hata siku moja."

"Na zile kesi?"

"Miavuli. Mabegi. Meno ya bandia, mara mbili. Viatu vingi."

Mbwa wa kizimba cha ishirini alikuna mlango.

"Mlikuwa mnavipata wenyewe?"

"Hatukuvitafuta. Tulikuwa tunavikalia tu, mpaka wenyewe waje. Lakini tuliandika. Kila kitu tuliandika kama kilivyo, rangi, alama, kimeshonwa wapi. Ukiandika uongo, mwenyewe anakuja, anasoma, anaona si chake, anaondoka." Aliuweka mswaki chini. "Hilo nilikuwa nalijua. Miaka thelathini na mmoja nalijua."

"Tangazo langu limefutika," mwanamke akasema. "Na mimi mwenyewe nililiandika ovyo, siku ile nilikuwa nalia. Mrefu, koti, kidole. Watu warefu wenye makoti wako wangapi?" Alivuta ndoo iliyokuwa tupu, akaigeuza kifudifudi, akaikalia. "Sijakusamehe, baba. Mama hasemi na mtu tangu Jumamosi. Lakini wewe ulikijua kiatu changu kuliko mimi. Bawabu wako kaniambia. Alisema ulijua hata kwamba nasimama kwenye milango ya watu."

Kutoka kizimba cha kumi na nane mkono wa Msimamizi, umejaa povu, ulipita katikati ya nondo. Ulishika penseli na daftari la lango, limefunguliwa kwenye ukurasa usio na kitu.

Inspekta aliupangusa mkono wake kwenye suruali, upande mmoja, kisha wa pili. Juu ya ukurasa hakuandika kiapo.

"Tuanze chini," akasema. "Siku ile anatoka, alivaa viatu gani?"